Mashine ya boti HP 40 tustroki inaishiwa nguvu ikishapata moto, nianzie wapi wakuu?

#1 Bwana wa Shangani
Wakuu habari za jioni, niende kwenye mada. Nina boti ya mbao futi 28 hapa Shangani Mtwara, mashine ni tustroki (ya kuchanganya oili kwenye petroli) HP 40 ya silinda mbili, nimeinunua ikiwa imeshatumika. Asubuhi inawaka mvuto wa kwanza, sailensa (mlio bila resi) safi kabisa, ukipiga resi inanyanyua boti vizuri tu. Sasa tukishavuka ncha ya Msangamkuu tukaingia maji makubwa, kama dakika 10 au robo saa hivi, inaanza kushuka yenyewe, mkono uko mwisho kabisa lakini boti inakwenda kama ya HP 15. Haizimi. Ukiipumzisha kidogo inarudi, halafu inashuka tena mapema zaidi kuliko mwanzo. Plagi nimeweka mpya, kabureta imefunguliwa ikasafishwa. Fundi anataka nimpe hela ya ovahoo (kuifungua mashine nzima na kuitengeneza upya), na mimi kabla sijatoa hela ya ovahoo kwenye msimu huu wa kusi ambao hata samaki wenyewe wa kubahatisha, nataka nisikie kwenu.

#2 korosho_ghafi
Ngoja waje wenye bahari yao, sisi wa Newala huku nguvu zinatuishia kwenye minada tu.

#3 Fundi Mapanga
Mkuu maelezo yako mazuri ila hayatoshi. Jibu haya: (a) inakojoa, yaani inatema yale maji ya kupoza? na maji yake ya moto kiasi gani (b) ikianza kushuka, mlio unabadilika unakuwa mzito wa kukwamakwama au unabaki laini ila mdogo (c) kile kipira cha mkono kwenye bomba la mafuta kinakuwa kigumu au kimenywea. Ovahoo usitoe hela bado. Mashine inayowaka mvuto wa kwanza na kunyanyua boti siyo ya kukimbilia kuifungua.

#4 Mzee wa Mikindani
Hapo hakuna kitendawili. Angalia kifuniko cha tanki, kile kiskrubu cha hewa. Vijana wanakifunga usiku mafuta yasimwagike, asubuhi wanasahau kukifungua. Mashine inavuta mafuta, hewa haiingii kufidia, tanki linajibana, mafuta yanagoma kuja. Ukipumzika hewa inajipenyeza kidogo kidogo, nguvu zinarudi. Umeeleza ugonjwa huohuo. Kuna mpwa wangu alishauziwa kabureta nzima kwa ajili ya skrubu ile.

#5 Bwana wa Shangani
Shikamoo mzee wangu. Skrubu naifungua mwenyewe kwa mkono wangu kila safari, hilo nina hakika.
Fundi Mapanga: inakojoa vizuri, maji vuguvugu, mkono unavumilia. Mlio nadhani unakuwa mzito, ila kuna upepo na mabaharia wanapiga kelele kwa hiyo siwezi kuapa. Kipira sijawahi kukiangalia ikiwa kwenye mwendo.

#6 Kivinje Mashariki
Mimi niko Kilwa Kivinje na yangu ilifanya hivyohivyo neno kwa neno, ilikuwa koili. Koili ikiwa baridi inapiga cheche nzuri, ikipata joto waya wa ndani unaachia, silinda moja inalala, unabaki na nusu ya mashine. Ikipoa inarudi. Na kila ukirudia inachukua muda mfupi zaidi kwa sababu joto lenyewe halijatoka lote, we mwenyewe umesema inashuka mapema kuliko mwanzo. Fundi akiipima gereji inaonekana nzima maana anaipima ikiwa baridi! Ikishuka tu, chomoa kofia ya plagi moja moja uone ipi haibadilishi mlio, hiyo ndo imelala.

#7 Fundi Mapanga
Kivinje Mashariki hoja ya koili nakubali inawezekana sana, ila hapo kwenye kuchomoa kofia na kuiacha ikining'inia hewani usimfundishe mwenzio. Mashine ya CDI (kile kiboksi cha umeme wa cheche) umeme ukikosa pa kwenda unarudi kuitafuta CDI yenyewe, na CDI bei yake siyo ya koili. Weka plagi ya zamani kwenye kofia, uigusishe vizuri kwenye chuma cha bodi, ndio uwashe. Na ushike kitu kikavu, boti imejaa maji ya chumvi ile utarushwa ukajikute Pemba, yaani Pemba ya Msumbiji.

#8 Mama Dagaa
Mnaongea ufundi sana. Mimi nina boti mbili pale Feri na sipandi hata moja, ila najua kwa nini mashine zinaishiwa nguvu. Vijana wanauza mafuta. Unawapa dumu lita 20 na oili yake, wakifika mbele wanaingia kwenye chombo kingine wanapunguza, wanaongezea wanachojua wao. Mwenye chombo unaletewa hadithi ya kabureta. Mwenye uzi, wewe unakwenda baharini mwenyewe au unaletewa taarifa?

#9 nahodha_mkorofi
Mama yangu heshima yako ila sisi manahodha tumechoka kusingiziwa. Kuongezea nini, mafuta ya taa? Hiyo biashara ilikuwepo zamani mafuta ya taa yakiwa chee. Ewura, wale wasimamizi wa nishati, walianza kuweka vinasaba (alama za kunasa uchakachuaji) kwenye mafuta 2010, halafu bajeti ya 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa karibu sawa na dizeli, faida ya kuchanganya ikafa. Nani atanunua kitu cha bei ileile akaharibie mashine inayomlisha?

#10 Mama Dagaa
Mafuta ya taa sijataja mimi, umeyataja wewe mwanangu. Mimi nimesema wanachojua wao.

#11 korosho_ghafi
Hahahaaa nahodha umejifungia kesi mwenyewe.

#12 Bwana wa Shangani
Mama Dagaa, mimi ndiye nahodha na mafuta nachanganya mwenyewe. Lita 20 naweka oili lita moja, mashine yangu naipenda.

#13 Fundi Mapanga
WEEEE. Lita moja kwenye 20? Hiyo ni 20 kwa 1. Mashine nyingi za aina yako zinataka 50 kwa 1, yaani lita 20 unaweka mililita 400 tu. Mashine mpya kabisa inayofunguliwa ndo nyingi zinapewa 25 kwa 1, mililita 800 kwenye lita 20, kwa masaa ya mwanzo, halafu unarudi kwenye kawaida. Wewe unaishi juu ya kipimo cha mashine mpya miaka yote. Oili ikizidi haiungui, inageuka masizi, yanaganda kwenye plagi, kwenye mifereji ya ringi za pistoni na kwenye njia ya moshi. Ringi zikishikwa na masizi hazitanuki, pumzi inapita pembeni.

#14 Mzee wa Mikindani
Fundi usimtishe mtu. Sisi tumeendesha kwa kopo la maziwa, kopo moja kwa dumu, na mashine zimewazika wenzetu. Oili ikipungua ndo mashine inanoki (inakwama), ikizidi inatoa moshi basi.

#15 nahodha_mkorofi
Mashine zilikuwa nyingine hizo mzee. Na oili nayo, siku hizi kuna watu wanaweka ya gari iliyokwishatumika, nyeusi tii, eti ni oili tu. Oili ya gari haikutengenezwa kuungua. Ya tustroki ndiyo inayotakiwa kuungua na kwa mashine ya boti kuna ile yenye alama ya TC-W3 kwenye kopo. Ya pikipiki inafanya kazi lakini mashine ya boti inapozwa na maji ya bahari, joto lake si sawa na ya pikipiki.

#16 Fundi Mapanga
Na kitu ambacho watu hawakiamini nikiwaambia: ukizidisha oili, ndani ya dumu petroli ndo imepungua. Kabureta inapitisha kiasi kilekile, kwa hiyo mashine inapata petroli kidogo kuliko ilivyopangiwa. Unadhani unailinda, kumbe unaifanyisha kazi ikiwa na njaa.

#17 Mmwera Ughaibuni
Wadau salaam kutoka Kanada, mzaliwa wa Lindi mimi, nyumbani ni Kitunda ng'ambo. Huku nafanya kazi gereji ya pikipiki za theluji, na nyingi zinazoletwa hapa ni tustroki za silinda mbili kama hiyo ya mleta uzi, na malalamiko ya wateja ni hayohayo, "inakwenda vizuri halafu inakata nguvu". Za huku zinaendesha mkanda wa raba kati ya puli mbili zinazotanuka na kubana, siyo gia. Mkanda ukichakaa ukang'aa pembeni unateleza, mashine inapiga kelele kubwa sana lakini chombo hakiendi, mtu anakwambia injini imekufa kumbe injini haina hata homa. Swali la kwanza tunalomuuliza mteja: nguvu zikiisha, mlio ULIPANDA au ULISHUKA? Ukipanda, tatizo liko chini ya injini. Ukishuka, ni injini au chakula chake. Mleta uzi hili swali la Fundi (b) umelipita tu, rudi ulijibu.

#18 korosho_ghafi
Pikipiki ya theluji kwenye uzi wa Mtwara, leo nimeyaona. Mkuu huko baridi kiasi gani?

#19 Mmwera Ughaibuni
Nilipo mimi Januari kushuka mpaka 25 chini ya sifuri ni kawaida. Ndo maana huku kabureta zina kazi ya ziada, hewa ya baridi ni nzito, ina oksijeni nyingi kwa ujazo uleule, ukiacha jeti (kitundu cha petroli ndani ya kabureta) ndogo petroli inakuwa haitoshi na pistoni inatoboka. Kwenu joto, hewa nyepesi, mashine inaelekea kulewa petroli zaidi kuliko kukosa. Kwa hiyo mtu akinunua mashine iliyotoka nchi ya baridi aangalie na jeti. Pikipiki ya theluji ya Ski-Doo ya kwanza yenyewe ilitoka 1959, ya huyu Bombardier wa Quebec, toka hapo wamehangaika na tatizo hilohilo mpaka sasa nyingi zimehamia kwenye injeksheni.

#20 nahodha_mkorofi
Umesahau kusema kama wanavulia dagaa.

#21 Fundi Mapanga
Mmwera kasema kitu cha maana mno. Sisi hatuna mkanda ila tuna raba ndani ya panga (propela). Katikati ya panga kuna bushi ya raba, imewekwa makusudi ukigonga jabali iteleze badala ya kuvunja gia. Ikizeeka inateleza hata bila kugonga, tena ikipata moto ndo inateleza zaidi, ukipunguza mwendo inashika tena. Dalili za mleta uzi kabisa. Kipimo chake hakina gharama: piga alama ya rangi au msumari kutoka kwenye kitovu cha ndani mpaka kwenye bomba la nje la panga, mstari mmoja ulionyooka. Nenda baharini, ikishakukatalia rudi uangalie. Mstari ukiwa umekatika, huku na huku havikutani, raba imekwisha.

#22 Ngalawa Nzee
Hamjauliza boti ilipandishwa lini. Mtu anahangaika na koili kumbe chini kuna shamba la chaza. Boti ya mbao futi 28 ikikaa majini msimu mzima bila kukwanguliwa na kupigwa moto chini inabeba mzigo usiouona, na mbao zenyewe zinakunywa maji. Ya kwetu hapa Somanga baada ya kimbunga Hidaya Mei 2024 ililala ufukweni ikiwa imejaa maji, tulipoirudisha kazini mashine ileile, panga lilelile, ilikuwa haitaki kupanda juu ya maji kabisa.

#23 Kivinje Mashariki
Ngalawa Nzee chaza hawaoti ndani ya dakika 10. Jamaa kasema inaanza vizuri.

#24 Ngalawa Nzee
Inaanza vizuri ndani ya ghuba, kweupe hakuna wimbi. Akivuka ncha anakutana na kusi usoni na mkondo. Dakika 10 zako ni umbali wa kutoka Shangani mpaka maji makubwa. Mashine iliyobebeshwa boti nzito kwenye wimbi lazima ishuke. Halafu akipumzika, boti si inageuka, upepo unamjia kwa nyuma? Anaona nguvu zimerudi.

#25 korosho_ghafi
Dah, hii nimeipenda hata kama si kweli.

#26 Bwana wa Shangani
Wakuu nimerudi, asanteni wote. Jana nimetoka na dogo mmoja mahsusi kwa kupima. Matokeo:
Mlio UNASHUKA, Mmwera, tena unakuwa wa kukwamakwama. Alama ya panga haikusogea hata kidogo. Ikianza kushuka dogo akawa anakibinya kipira, nguvu zikarudi kama robo tatu hivi, akiacha zinashuka, akibinya zinarudi lakini si zote. Kipira hakikunywea, kilikuwa laini tu. Tumezima hapohapo tukachomoa plagi, ya juu rangi ya kahawia, ya chini nyeusi imelowa oili.

#27 Mzee wa Mikindani
Mafuta hayo. Nilisema toka juu kabisa.

#28 Kivinje Mashariki
Koili hiyo. Plagi ya chini imelowa kwa sababu haichomi. Mafuta yangekuwa hayafiki ingekuwa nyeupe kavu, siyo imelowa.

#29 nahodha_mkorofi
Plagi ya chini kwenye mashine ya boti mara nyingi ndo inalowa, mashine imesimama wima, oili inashuka. Na huyu bwana anaweka lita nzima kwenye dumu, angekuta imekauka ningeshangaa.

#30 Fundi Mapanga
Sawa, kipira kimetuambia kitu. Ukibinya ukapata nguvu maana yake pampu ya mafuta ya kwenye mashine haitoshelezi, au kuna kitu kinaizuia kabla mafuta hayajaifikia. Kipira kingenywea ningesema kizuizi kiko upande wa tanki. Hakikunywea, kimekuwa laini, kwa hiyo mimi natazama pampu: ndani yake kuna ngozi nyembamba ya raba, ikitoboka au ikikakamaa inapiga lakini haisukumi. Au kuna hewa inavutwa kwenye maungio ya bomba. Kit ya pampu ni kitu kidogo, haifiki popote karibu na hela ya ovahoo.
Ila usishangilie. Ile pampu haina umeme wala mkono wake, inaendeshwa na pumzi ya kisanduku cha krenki, pistoni ikipanda na kushuka ile presha inacheza na ngozi. Kama sili za krenki zimechoka au silinda iliyofungiwa pampu pumzi yake mbovu, pampu nzima itaonekana mbovu wakati haina kosa. Kwa hiyo pima kompresheni (pumzi ya silinda).

#31 Mmwera Ughaibuni
Naongezea, ACHA kuendesha hivyo mkono ukiwa mwisho. Tustroki mafuta ndiyo yanayobeba oili. Mafuta yakipungua oili nayo imepungua palepale, na kitu cha kwanza kwisha ni pistoni. Usimlazimishe ng'ombe aliyelala.

#32 Bwana wa Shangani
Nimeazima geji ya kompresheni Mikindani. Silinda ya juu 110, ya chini 92.

#33 Fundi Mapanga
Tofauti ni zaidi ya asilimia 15. Silinda mbili hazitakiwi kupishana zaidi ya kama asilimia 10. Silinda ya chini ina kasoro, na mimi kwa kipimo chako cha oili natia shaka ringi zimeshikwa na masizi. Siyo lazima ovahoo, kuna dawa ya kupulizia ya kutoa masizi, unailaza nayo usiku, zikiachia zinaachia. Ila inaweza ikawa ndio basi tena, gasketi ya hedi au ukuta wa silinda umechubuka. Fungua kifuniko cha njia ya moshi, utaiona pistoni na ringi zake kwa macho bila kushusha mashine.

#34 Kivinje Mashariki
Fundi nakuheshimu ila 92 hiyo ipo kwenye mashine ngapi zinazofanya kazi kila siku hapa pwani? Mashine yenye pumzi mbovu ni mbovu toka asubuhi, haisubiri dakika 10. Na umepima vipi mkuu, plagi zote mbili zilikuwa nje? Mkono wa moto (wa resi) ulikuwa wazi mpaka mwisho? Mashine ilikuwa ya moto? Ukipima ya juu kwanza, umevuta umechoka, ukaja ya chini na mkono umelegea, unapata namba hizohizo.

#35 Bwana wa Shangani
Plagi zilikuwa nje zote, mkono wa moto ulikuwa umefungwa. Kuvuta alivuta dogo.

#36 Kivinje Mashariki
Ehee. Rudia.

#37 Mama Dagaa
Na geji yenyewe ya nani? Msije mkaandika wosia wa mashine kwa geji ya mchina iliyodondoka mara saba.

#38 Ngalawa Nzee
Mguu wa mashine mrefu au mfupi? Mfupi inchi 15, mrefu inchi 20. Boti za mbao za huku nyuma zinakuwa ndefu, mtu anafunga mguu mfupi, kwenye wimbi panga linavuta hewa.

#39 nahodha_mkorofi
Panga likivuta hewa mlio unapanda mzee. Jamaa kasema unashuka. Wewe unataka boti ipandishwe tu.

#40 Ngalawa Nzee
Nataka ipandishwe, ndiyo. Hakuna ubaya.

#41 korosho_ghafi
Samahani nje ya mada kidogo, mnaosafiri kwenda Msimbati, ile barabara ya mchanga gari ndogo inapita kipindi hiki?

#42 nahodha_mkorofi
Inapita ukiwa na watu wa kusukuma.

#43 Mzee wa Mikindani
Sasa nisikilizeni. Bomba la mafuta lenyewe lina umri gani? Yale mabomba ya raba yana ngozi ya ndani, ikizeeka inabanduka, unalitazama kwa nje zima kabisa. Mafuta yakienda taratibu yanapita, ukivuta kwa nguvu ile ngozi inajikunja inaziba njia. Ukipumzika inalala. Kama limebanduka baada ya kipira, kuelekea kwenye mashine, kipira hakitanywea, na Fundi hapo ndipo alipolitoa bomba kwenye kesi kabla ya wakati. Aazime tanki na bomba zima la mwenzie, na mafuta ya mwenzie yenye kipimo sahihi, afunge kwenye mashine yake aende hadi alipokuwa anakwama.

#44 Fundi Mapanga
Hilo la bomba baada ya kipira nakupa mzee, sijalipinga. Na kuazima tanki ni kipimo kizuri maana kinaondoa tanki, skrubu, bomba, kipira na mchanganyiko kwa mpigo. Ila nikibaki na mashine inayoshuka hata kwa tanki la watu, mimi ni pampu kisha ringi.

#45 Kivinje Mashariki
Na mimi ni koili. Akiwa na mashine ya koili mbili azibadilishe tu, ya juu aipeleke chini. Plagi inayolowa ikihamia juu, mtanitafuta.

#46 Fundi Mapanga
Nyingine zina koili moja yenye waya mbili, angalia kwanza.

#47 Bwana wa Shangani
Nimeangalia, ziko mbili. Jirani kakubali kuniazima tanki na bomba lake lakini upepo umechafuka tangu jana, hakuna anayetoka. Dogo anabadilisha koili sasa hivi. Kuna mtu ana kit ya pampu Mtwara mjini ambayo siyo feki? Niliyoonyeshwa dukani raba yake ngumu kama ndala.

#48 Mama Dagaa
Njoo Feri umuulize mwanangu, anayo moja ilibaki. Ila anakuuzia, haazimi.